Muulize Fundi: Bembea imegandia juu, tuogope nini hasa?

Wasomaji wangu, mwezi uliopita niliwaahidi tutamalizia mambo ya jenereta, ila meseji zilizoingia za rolakosta, yale mabembea ya treni inayopanda na kuteremka kwenye reli za juu, zimezidi za jenereta mara nyingi sana. Nadhani ni zile klipu zinazozungushwa WhatsApp, treni imekwama huko juu kabisa, watu wanashushwa kwa ngazi mmoja mmoja magoti yanagongana, na chini mtu kaandika "MUNGU TUSAIDIE". Haya, jenereta isubiri. Nimechagua chache, zingine zilikuwa zinauliza kitu kile kile.

Fundi habari za kazi. Wanangu wawili, mmoja miaka 12 mwingine 15, wanaenda kwa mama yao mdogo huko Charlotte Marekani, na keshawaahidi atawapeleka bustani ya michezo ya Carowinds. Sasa mimi nimeona vidio nguzo ya rolakosta ya hapo hapo imepasuka, treni inapita juu watu wanapiga vigelegele hawajui lolote. Niwazuie wasipande? Mdogo wangu anasema naleta ushamba. — Mama wa wawili, Tabata

Mama, huo sio ushamba hata kidogo, vidio ni ya kweli. Ile inaitwa Fury 325, urefu wake karibu mita 99 na treni inafika kama kilomita 153 kwa saa, na tarehe 30 Juni 2023 mteja mmoja alitazama juu akaona nguzo imekatika pale inapokutana na reli, kila treni ikipita kile kichwa cha nguzo kinaachana halafu kinarudi. Akarekodi, akawaambia wahusika, mashine ikafungwa siku hiyo hiyo. Wakaguzi wa jimbo wakaja, nguzo mpya ikaletwa na wale wale walioitengeneza, ikafungwa, ikajaribiwa bila watu, ndo wakafungua tena tarehe 10 Agosti.

Sasa sikiliza kinachonikera mimi. Ufa haunikeri, chuma ni chuma, kinapasuka, na ndo maana reli ile imebebwa na nguzo nyingi, moja ikigoma zingine zinashikilia kwa muda. Kinachonikera ni kwamba aliyeuona ni mteja, na baadae zikatoka picha za watu wengine zinaonyesha ufa ulikuwepo siku kadhaa kabla. Na hapo wenyewe wanakagua kila asubuhi! Mtu anatembea chini na tochi, anatazama bolti, anatazama magurudumu, anasaini fomu, ila ufa upo huko juu karibu na reli, shingo ya binadamu haifiki. Baada ya hapo wakasema wataweka na droni zenye kamera kwa sehemu za juu, jambo ambalo kwa maoni yangu lilitakiwa liwepo zamani.

Kitu kingine watu wengi hawakijui, Marekani serikali kuu haikagui mabembea ya kwenye viwanja vya kudumu, ilinyang'anywa hiyo kazi tangu 1981, imebaki na yale ya kuhamahama tu. Kila jimbo linajipangia, kuna majimbo makali na kuna majimbo yamelala. North Carolina wanao wakaguzi wao chini ya idara ya kazi, kwahiyo hapo wanao wana nafuu. Waache waende. Mwambie mdogo wako kitu kimoja tu, watoto wakiona kitu kimelegea au wakisikia mlio wa ajabu wamwambie mhudumu palepale, wasione aibu.

Fundi mambo vipi. Mimi naendesha lori Dar–Tunduma. Swali fupi, umeme ukikatika treni ipo juu inakuaje? Si inarudi kinyumenyume hadi chini? — Dereva, Morogoro

Swali lako zuri na wewe ndo utalielewa haraka kuliko wote. Kwanza elewa ile treni yenyewe haina injini. Kwenye nyingi inavutwa na mnyororo hadi kilele cha kwanza, ikishaachiwa hapo inateremka kwa uzito wake mwenyewe hadi mwisho wa safari. Kwahiyo umeme ukikatika wakati ipo katikati ya mbio, treni haina habari, inaendelea tu mpaka ikute breki.

Ikiwa bado inapanda ndo kuna ule mlio wa ka-ka-ka-ka ambao watu wanadhani ni wa kutishia. Hayo ni meno. Chini ya behewa kuna ulimi wa chuma unaodondokea kwenye ngazi ya meno pembeni ya mnyororo, kila hatua unadondokea jino jingine, mnyororo ukisimama au hata ukikatika treni inakalia jino la mwisho, haitoki. Pembeni kuna ngazi ya miguu ndo wanashushia watu. Zile klipu zenu nyingi ni hiyo, hakuna kilichoharibika cha kuua mtu, mashine imegoma ikakaa.

Na breki zenyewe ni mambo yako ya kila siku, zile za upepo zimefungwa kama za lori, springi ndo inayobana na upepo ndo unaoachia, upepo ukiisha gari inagoma kutembea badala ya kugoma kusimama. Siku hizi wengi wameongeza za sumaku ambazo hazitaki upepo wala umeme, treni ikipita katikati ya sumaku inapungua mwendo yenyewe.

Je, meno yanaweza kufeli? Yanaweza. London, pale Battersea, tarehe 30 Mei 1972, treni ya Big Dipper ilichomoka kwenye kamba iliyokuwa inaivuta mlimani, kile cha kuzuia kurudi nyuma hakikushika, ikarudi kinyumenyume kama unavyosema wewe. Watoto watano walikufa, na baada ya miaka miwili uwanja mzima ukafungwa. Ile ilikuwa ya mbao, ilishazeeka. Kwahiyo ukiniuliza sehemu gani nataka ikaguliwe kila siku bila longolongo, nitakwambia hiyo.

Niaje fundi. Niko Birmingham nasoma masters. Tulienda bustani moja ya michezo huku na wasee, tiketi ni pesa nyingi, tukakaa kwa laini masaa mawili, tukifika mbele wanasema "imefungwa kwa muda, kuna hitilafu". Fundi wao anakuja anaangalia angalia, nusu saa ingine. Hawawezi tu kurisiti, yaani kuiwasha upya, iendelee? Kompyuta si huwa zinadanganya? Nilikasirika sana. — Mkenya, Birmingham

Pole ndugu yangu, ila umeniuliza swali ambalo jibu lake lipo kama saa moja kutoka hapo ulipo, na nitalijibu kwa urefu kwasababu hapo ndo penye shida yenyewe.

Kwanza ujue rolakosta inayokimbiza treni zaidi ya moja imegawanywa vipande vipande, na sheria ni moja tu, kipande kimoja treni moja. Kuna vihisi kwenye reli vinavyohesabu, treni ya mbele haijatoka kwenye kipande chake basi ya nyuma inazuiwa, ama kilele cha mlima ama kwenye breki. Kompyuta haijui kwanini ya mbele haijatoka, inajua tu haijatoka, inasimamisha. Hiyo ndo "hitilafu" mliyotangaziwa mara nyingi. Inaweza kuwa kihisi kimeingia uchafu. Inaweza kuwa kweli kuna treni imekwama.

Sasa Alton Towers, tarehe 2 Juni 2015, rolakosta inaitwa Smiler, ile yenye mizunguko 14 ya kichwa chini, rekodi ya dunia. Siku hiyo kulikuwa na upepo mkali. Mchana mashine ikaleta shida, mafundi wakaitwa, na wakati huo huo ikaamuliwa iongezwe treni ya tano kwasababu watu ni wengi. Wakatuma treni tupu ya majaribio. Ile tupu haikuwa na uzito wa kutosha kushindana na upepo, ikashindwa kumaliza, ikarudi ikakaa bondeni katikati ya mizunguko. Nyuma yake ikatumwa treni yenye watu 16, ikafika kilele cha mlima, kompyuta ikaisimamisha. Yaani mpaka hapo mashine imefanya kazi yake vizuri kabisa, imeona kuna kitu mbele, imekataa.

Mafundi waliokuja kutazama hawakujua kuna treni ya tano. Wakahesabu, wakaona zinazotakiwa zipo, ile tupu kwa pale walipo haionekani, wakasema kompyuta inadanganya. Neno hilo hilo lako. Wakairisiti kwa mkono, treni ya watu ikaachiwa, ikaenda kugonga ile tupu. Mahakamani walisema nguvu ya ule mgongano ni sawa na gari dogo la tani moja na nusu linaloenda kama kilomita 145 kwa saa. Watu 16 wote waliumia, wasichana wawili walikatwa mguu kila mmoja, na simu ya kwanza ya kuita msaada ilipigwa baada ya dakika 17! Wengine wamening'inia pale zaidi ya masaa manne kwasababu hakukuwa na njia rahisi ya kuwafikia.

Kampuni yenye bustani, Merlin, ilipigwa faini pauni milioni 5 mwaka 2016. Na wakaguzi wa serikali wa HSE hawakusema "kosa la fundi fulani", walisema mafundi hawakuwa na utaratibu ulioandikwa wa nini ufanye ukikuta treni imezuiwa, nani ahesabu treni, nani aruhusu. Mi nakubaliana nao asilimia mia. Ukimweka fundi mbele ya umati wenye hasira, redio inamwita kila dakika mbili, bosi anataka foleni iende, na hujampa karatasi inayomwambia "simama hapa mpaka mtu wa pili athibitishe kwa macho", atabonyeza kile kitufe. Mtu yeyote angebonyeza.

Kwahiyo yule jamaa mliyemuona anaangalia angalia nusu saa, huyo ndo unamtaka. Ningekuwa mimi nimepanga foleni nisingekasirika kwa kufungiwa, ningekasirika wangefungua baada ya dakika mbili bila mtu kupanda kuangalia. Hela yako sasa, hiyo ni haki yako kuidai, nenda ofisi ya wateja, sehemu nyingi wanatoa pasi ya kurudi kwenye foleni bila kupanga upya ila ni lazima uombe, hawaji kukupa mkononi.

Fundi shikamoo. Mimi nafanya kazi za ndani Abu Dhabi, wikiendi natumwa niwapeleke watoto wa bosi kwenye mabembea makubwa. Mdogo hafiki ule mstari wa urefu, na mama yake ananiambia nibishane na wahudumu wamruhusu maana "ni sentimita mbili tu". Nikirudi bila kumpandisha nasemwa. Nifanyeje? — Dada wa Tanga

Marahaba mwanangu. Usibishane, na wala usimvalishe viatu vya soli nene, najua hiyo mbinu ipo. Ule mstari sio wa kupima ukubwa wa akili, ni kwamba kile chuma kinachoshuka begani au mapajani kimechongwa kwa mwili wa kuanzia urefu fulani, mtoto akiwa mdogo zaidi kinabaki uwazi, na huko kuna sehemu za mwendo zinamnyanyua mtu kutoka kitini.

Bosi wako muonyeshe hii. Orlando, Florida, tarehe 24 Machi 2022, kijana wa miaka 14 alichomoka kwenye mnara wa kudondoka unaitwa Orlando FreeFall akafa. Yeye hakuwa mdogo, alikuwa mkubwa, uzito wake umepita sana kikomo kilichoandikwa na watengenezaji. Kile chuma cha begani hakikufunga vya kutosha, na kihisi kilitakiwa kigome, ila uchunguzi ulikuta kihisi cha kiti chake kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono ili kikubali uwazi mkubwa zaidi. Taa ikawaka kwamba kila kitu kipo sawa. Mnara wenyewe mwaka uliofuata ukavunjwa.

Mpige picha mtoto amesimama kwenye ule mstari na mhudumu pembeni, umtumie mama yake palepale kabla hamjarudi nyumbani. Ugomvi uwe kati ya mama na bustani, wewe haukuhusu.

Mwalimu anasema chuma "kinachoka". Kinachokaje wakati hakina misuli? Na kwenye rolakosta wanajuaje kimechoka? — Mwanafunzi wa VETA, Chang'ombe

Chukua waya wa bati ukunje huku na huku, hauhitaji nguvu, ila ukirudia rudia unakatika. Hapo kila mkunjo mmoja peke yake ulikuwa mdogo, kilichoua ni wingi. Ekseli ya behewa inabebeshwa mzigo na kupunguziwa mamia ya mara kila siku, kuna siku ufa mdogo kuliko unywele unaanza, mara nyingi pale penye kona au penye uzi wa bolti, halafu unatembea taratibu, nje huoni kitu, rangi ipo safi, grisi imepakwa.

Kajifunze kisa cha Expoland, Osaka, Japani, 5 Mei 2007, rolakosta ya kupanda umesimama. Ekseli ilikatika katikati ya mbio, behewa likalala pembeni, binti wa miaka 19 akafa na wengine wakaumia. Ekseli ile haikuwahi kubadilishwa tangu mashine ifunguliwe 1992. Na kile kipimo cha kutafuta nyufa za ndani kilikuwa kimepangwa mapema mwaka huo, wakakisogeza mbele mpaka baada ya sikukuu za Mei, kwasababu sikukuu ndo kuna wateja. Ukaguzi wa macho ulifanyika, umepita. Bustani ile haikuja kuinuka tena.

Kipimo chenyewe kipo cha aina kadhaa. Unaweza kupaka unga wa chuma juu ya kifaa ukakitia sumaku, penye ufa unga unajikusanya mstari. Unaweza kupitisha mawimbi ya sauti ndani yake, yakikuta ufa yanarudi mapema. Nchi za baridi wanafanya hivyo majira ya baridi wakati bustani zimefungwa, wanafumua treni nzima mpaka beringi. Vyote hivyo vinafanyika hata kwenye mabomba na boila, kwahiyo ukisomea kupima hivyo hukosi kazi bongo hata kama rolakosta hatuna nyingi.

Na nikuongezee jambo la masikio. Disneyland ya California, Septemba 2003, kwenye Big Thunder Mountain, gurudumu la pembeni lilidondoka kwasababu bolti hazikukazwa sawasawa baada ya matengenezo, kijana mmoja akafa. Wahudumu walikuwa wameshasikia mlio usio wa kawaida kwenye treni ile, wakaiacha iende mzunguko mwingine kwanza ndo waitoe. Fundi mzuri akisikia mlio anatoa mashine sasa hivi.

Assalaam alaykum fundi. Sisi hatuna hayo makubwa, tuna haya ya sikukuu, ya kuzunguka na ya viti vya minyororo, yanafungwa uwanjani siku mbili kabla ya Idd. Mimi baba nitazame nini kabla sijamlipia mwanangu? — Baba Unguja

Waalaykum salaam. Hayo madogo ndo mimi yananitisha kuliko yale makubwa, kwasababu yanafumuliwa na kufungwa kila mara, na kila ukifungua bolti kuna mmoja atasahau kuikaza. Na nyie mna chumvi ya bahari. Julai 2017 kwenye maonyesho ya jimbo la Ohio Marekani mashine ya kuhamahama inaitwa Fire Ball ilikatika mkono ikarusha watu, mtu mmoja akafa palepale, na ilikuwa imepitishwa na wakaguzi siku hiyo hiyo. Kutu ilikuwa imekula ndani ya bomba kwa miaka, nje rangi inang'aa. Ohio hakuna hata bahari.

Kwahiyo rangi mpya isikuzuge. Fika mapema, simama uangalie wanavyoanza. Kama hawajaizungusha tupu hata mara moja kabla ya kupandisha watoto, ondoka. Tazama miguu ya mashine imekalia nini, mbao nene zilizolala sawa au matofali yaliyopangwa pangwa kwenye mchanga. Tazama minyororo ya viti pale juu inapofungiwa, ndo panapolika, na kama kuna sehemu wamefunga kamba ya katani badala ya pini basi usiulize zaidi. Nyaya za umeme zinapita kwenye madimbwi? Kijana wa kwenye swichi anatazama watoto au anatazama simu? Huyo kwangu ni muhimu kuliko chuma, maana hata mtoto akianza kuteleza yeye ndo mwenye kitufe cha kusimamisha.

Halafu muulize mwenye mashine kwa upole tu, lini mara ya mwisho umebadilisha beringi, na karatasi ya ukaguzi ipo wapi. Anayefanya kazi yake vizuri anafurahi kuulizwa, atakuonyesha mpaka spea alizonazo kwenye boksi. Akikujibu "hii ipo miaka yote haijawahi kuleta neno", mshike mwanao mkono mkanywe urojo.